Kiraka Kutoka Kromosomu ya 19

Seli nyekundu zenye malaria zikikutana na plasma ya mtu mzima wa Kilifi, chini ya darubini utaziona zimeshikana mafungumafungu, kama dagaa walioanikwa wakagandana. Kinachozigandisha ni kingamwili. Mwaka 1998 Peter Bull, Kevin Marsh na wenzao wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust walikitumia kipimo hicho kuonyesha kwamba mtoto huugua kwa vimelea ambavyo kingamwili zake bado hazivijui. Akipona, anavijua. Ila kimelea hakikosi kanzu ya kubadili: kwa protini za kanzu ziitwazo RIFIN peke yake kina jeni kama 150.

Je, yuko mtu mwenye kingamwili moja inayoshika kanzu nyingi? Ili kumpata, vimelea vya wagonjwa mbalimbali vilipakwa rangi tofauti, vikachanganywa, ikatiwa plasma. Kwa kawaida kila rangi hujikusanya na mwenzake. Fungu likitoka limechanganya rangi, hapo pana jambo. Watu wa namna hiyo walikuwa wa kuhesabika. Kutoka kwa wawili wao Joshua Tan, Antonio Lanzavecchia na wenzao wa Bellinzona, Uswisi, walizitoa seli B zenyewe, wakasoma jeni za kingamwili zake.

Walichokuta ni kazi ya fundi cherehani. Jeni ya kingamwili hiyo iko kromosomu ya 14, lakini katikati yake palishonewa kiraka cha kromosomu ya 19: asidi amino 98 za LAIR1, kipokezi kinachokaa juu ya limfosaiti na seli nyingine za kinga kikifanya kazi ya breki. Bila kiraka, kingamwili haishiki kitu. Kiraka peke yake kinatosha.

Wagonjwa wa lupasi huweza kuwa na kingamwili zinazozivamia limfosaiti zao wenyewe. Hapa ni kinyume: kipande cha limfosaiti kimegeuzwa silaha. Hatari ilikuwepo, kwa sababu LAIR1 kwa asili yake hushika kolajeni, na kolajeni imejaa ngozini, mifupani na kwenye mishipa yetu. Nami huona hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Kwa kila mmoja wa wale wawili, ukoo mmoja tu wa seli B ulikuwa umejibadilisha kidogo kidogo, kila ukoo kwa njia yake, hadi kiraka kikaiacha kolajeni na kuzidi kuing'ang'ania seli yenye malaria. Habari hii ilitoka katika jarida la Nature mwaka 2016.

Kwa nini LAIR1? Kanzu inayoshikwa na kiraka ni hizo RIFIN, na mwaka 2017 watafiti wa Japani walionyesha kuwa baadhi ya RIFIN hujibandika kwenye breki hizohizo za seli za kinga, LILRB1 na LAIR1, kana kwamba kimelea kinazikanyaga makusudi.

Mwaka huohuo kundi la Bellinzona lilipima watu wengi zaidi. Kingamwili za aina hii zilikuwa tele kwa asilimia 5 hadi 10 ya waliozoea malaria, na kati ya Wazungu waliopimwa hakuwa nazo hata mmoja. Mtu mmoja alikuwa amepoteza sehemu nzima ya jeni ya kingamwili, akabaki na kingamwili inayofanana na ya ngamia. Lakini waliokuwa nazo hawakukingwa na homa ya malaria kuliko jirani zao.