Majani Kwanza, Samaki Baadaye

Ukiitwa Jamhuri, Nairobi, kutazama tangi la mimea, usianze na samaki. Samaki aliyenunuliwa jana hupendeza hata katika maji mabaya. Tazama majani, makuukuu kwanza, kisha machanga.

Jani la chini likigeuka manjano lote, nitrojeni imepungua. Vitundu vidogo kwenye majani makuukuu ni njaa ya potasiamu. Lakini jani changa likichipuka limepauka huku mishipa yake ikiwa bado kijani, kinachokosekana ni chuma. Nitrojeni na potasiamu mmea huzihamisha kutoka majani ya zamani kwenda machanga, chuma hauwezi. Mfugaji anayejua hili huongeza kilichopungua tu.

Kisha muulize mwenye tangi maji anayatoa wapi. Kwangu hili ndilo swali kubwa. Maji ya mfereji ya Nairobi, ambayo mengi hutoka bwawa la Ndakaini, ni laini na yana madini machache, hivyo mimea huhitaji kuongezewa hata kalisi na magnesi. Mfereji ukikauka, boza huleta maji ya kisima kirefu, yenye bikabonati na floridi nyingi, na hapo mambo hubadilika. Katika maji yenye alkali, chuma cha kawaida huganda kabla mmea haujakifikia. Mbolea za shambani kama DAP na CAN ni hatari zaidi humo, kwa kuwa sehemu ya amonia iliyomo hugeuka gesi inayounguza mashavu ya samaki. Ukiona mfuko wa mbolea hizo karibu na tangi, umeshapata jibu lako.

Anayeamini kwamba mbolea haizidi na alitazame Bwawa la Nairobi, ng'ambo ya Kibera: lilishiba maji taka hadi magugumaji yakalifunika. Ndani ya kioo ziada hiyo huliwa na mwani, hasa tangi likiwa dirishani. Taa ya muda wa saa sita hadi nane kwa siku yatosha, na theluthi ya maji ibadilishwe kila wiki, klorini ikiwa imeondolewa.

Kipimo changu cha mwisho ni anubiasi, mmea wa Afrika Magharibi na Kati. Hukua polepole mno na jani lake hudumu muda mrefu, kwa hiyo uzembe wa miezi huonekana juu yake. Ukikuta majani yake ya zamani ni safi, muombe mwenyewe kipande cha shina. Kifunge kwenye jiwe. Ukikizika changaraweni kitaoza.