Dhambi haina kitenzi

Swali ambalo wasomaji wamenitumia mara kwa mara mwaka huu ni dogo: je, tuseme 'dhambi zangu' au 'madhambi yangu'? Jibu lake ni la sekunde mbili. Dhambi imo katika ngeli ya I-ZI: dhambi hii, dhambi hizi. Anayesema 'madhambi' anakuza, na mhubiri mwenye ghadhabu ana haki ya kukuza. Anayeandika 'thambi', huyo hana cha kujitetea. Arudi kwa mwalimu wake wa darasa la tatu.

Lakini neno hili lina jambo jingine ambalo wanaouliza kuhusu ngeli hawaliulizi, nalo ndilo lenye uzito. Hebu jaribu kulinyambua. Toka kwenye 'wizi' tunapata kuiba, kuibia, kuibiana, mwizi. Toka kwenye 'uongo' tunao mwongo na kuongopa. Sasa toka kwenye 'dhambi' tunapata nini? Hakuna. Hatuna kitenzi, hatuna jina la mtendaji. Tunalazimika kukopa msaada: kufanya dhambi, kutenda dhambi, mwenye dhambi. Yaani dhambi katika Kiswahili ni kitu. Kinafanywa, kinahesabika, kina mwenyewe, kama vile duka lilivyo na mwenyewe.

Mimi ni mtu wa isimu, si mtu wa mimbari. Hata hivyo, ninadai kuwa kasoro hii ya kisarufi imetufanya Wakristo tunaosali kwa Kiswahili tuielewe nusu tu ya mafundisho ya dini yetu kuhusu hali ya binadamu. Nitaeleza.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu: dhanb, tendo baya la mtu mbele ya Mungu. Lilikuwa limekwisha kuota mizizi Pwani kwa karne nyingi Johann Ludwig Krapf alipowasili Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Aliyemsaidia kazi hiyo alikuwa kadhi wa Mombasa. Tafakari hapo kidogo: hadithi ya Adamu na Hawa inaingizwa katika Kiswahili na Mjerumani Mprotestanti akiwa ameketi na kadhi wa Kiislamu. Baadaye Askofu Edward Steere kule Unguja alifanya kazi kama hiyo kwa Kiunguja, naye akayakuta maneno yale yale: dhambi, toba, msamaha, dhabihu, shetani. Watafsiri hawakuunda msamiati wa wokovu. Waliukuta sokoni, umeiva, wakanunua.

Sina ugomvi na ununuzi huo. Bali kila neno huja na mzigo wake. Katika Uislamu dhambi ni tendo. Adamu alikosa, akatubu, akasamehewa, mambo yakaisha. Mtoto wake hazaliwi na deni la baba, na hakuna nafsi inayoubeba mzigo wa nyingine. Mafundisho hayo yako wazi na yanajitosheleza. Tatizo ni kwamba Ukristo, hasa ule wa Paulo na wa Agostino, husema jambo zaidi ya hilo: kwamba kabla ya dhambi kuwa tendo, ni hali. Nomino iliyozoea kutaja matendo ilipewa kazi ya kutaja hali, na hadi leo inaifanya kwa taabu.

Turudi kwenye Kiebrania kidogo. Agano la Kale lina maneno kadhaa ambayo sisi tunayageuza dhambi, uovu au uasi bila mpangilio wa kudumu. Moja hubeba picha ya kitu kilichopinda. Jingine ni la kisiasa kabisa, uasi wa mtwana dhidi ya bwana. La tatu, ambalo ndilo linalotumika sana, ni hata, na maana yake ya kawaida ni kutopata shabaha. Anayetaka ushahidi asome Waamuzi 20:16, anakosimuliwa juu ya watu 700 wa Benyamini, wote wa mkono wa shoto, waliokuwa stadi wa kombeo kiasi cha kuulenga unywele. Kitenzi kinachokanushwa pale ni kile kile ambacho kwingineko tunakiita kutenda dhambi. Kigiriki nacho kina hamartia, kutoka katika kitenzi cha kukosa shabaha. Wanafunzi wetu wa fasihi wanalijua neno hilo kwa mlango mwingine: ni lile la Aristotle, kosa linalomwangusha shujaa wa tanzia.

Na hapa pana kioja. Mzizi ule wa Kiebrania una ndugu yake wa damu katika Kiarabu, na ndugu huyo amehamia kwetu. Ni 'hatia'. Ndiyo, hatia ile ile ya mahakama ya Milimani, ya 'mshtakiwa amepatikana na hatia'. Neno lililo karibu zaidi na la Musa na manabii tumewapa mahakimu, na kanisani tukabaki na binamu yake.

Lakini Kiswahili hakikuhitaji hata kwenda Uarabuni. Kina kitenzi chake cha Kibantu, kukosa. Mwindaji hukosa shabaha. Maskini hukosa chakula. Mtoto humkosea mama yake. Majirani hukosana. Kisha siku moja mtu hutafutwa nyumbani asionekane, tukasema amekosekana. Ukiwa na wakati, chukua sura za mwanzo za Biblia uzisome ukiwa na mnyambuliko huo mkononi. Binadamu anakosa. Anamkosea Muumba wake. Mume na mke wanakosana papo hapo, maanake swali la kwanza tu linamfanya mwanamume amnyoshee mkewe kidole. Ardhi nayo inaanza kumkosesha mlaji wake. Na maswali mawili makubwa ambayo Mungu anayauliza katika sura hizo, la kwanza kwa Adamu na la pili kwa Kaini, yote ni maswali ya mahali: uko wapi wewe, na yuko wapi ndugu yako. Binadamu amekosekana. Neno lenyewe la dhambi halimo kabisa katika sura ya tatu, ile ya tunda. Linatokea mara ya kwanza katika sura ya nne, mlangoni pa Kaini, likimwotea kama mnyama. Lugha gani nyingine inaweza kuisimulia anguko la binadamu kwa shina moja na viambishi tamati vyake?

Paulo katika Warumi 3:23 anatumia vitenzi viwili, kimoja cha kukosa shabaha na cha pili cha kupungukiwa. Kwa Kiingereza unahitaji maneno mawili. Kwa Kiswahili kitenzi kimoja kingebeba yote mawili, kwa sababu kwetu aliyekosea na asiye na kitu wote 'wamekosa'.

Wakatoliki walihifadhi kitu cha thamani hapa, sijui kama kwa makusudi. Katika Salamu Maria hawajiiti wenye dhambi, hujiita wakosefu. Kiambishi hicho cha -fu au -vu ni cha hali: mpotevu, mvumilivu, mnyamavu. Mkosaji ni mtu mwenye mazoea ya kukosa. Mkosefu ni mtu ambaye kukosa kumekuwa ndiyo hali yake. Bibi kizee anayesali rozari kule Bura au Mumias anatamka kila siku teolojia ambayo wahubiri wengi wa runinga hawajaifikia. Magazeti yetu, kwa upande wao, yameliteka nyara neno 'ukosefu' na kulifunga katika vichwa vya habari: ukosefu wa ajira, ukosefu wa maji, ukosefu wa dawa.

Basi watafsiri walikosea? Nisiwaonee. Kukosa kuna udhaifu wake, nao ni wepesi. Mwanafunzi aliyeandika 'thambi' amefanya kosa. Anayekukanyaga ndani ya matatu husema 'samahani, nimekosa', na safari inaendelea. Isitoshe, tuna methali inayosema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Ni methali nzuri ya kulelea watoto, lakini hailingani hata kidogo na Warumi. Kwa methali yetu, kosa la kwanza linasameheka kwa kuwa ni la kwanza. Kwa Paulo, kosa la kwanza ni dalili ya ugonjwa uliokuwepo kabla yake. Mtafsiri aliyeogopa kuiweka teolojia nzima juu ya neno la kuombea radhi ndani ya matatu namwelewa.

Tena kuna mahali ambapo nomino inakishinda kitenzi. Katika sura ya 5 hadi ya 7 za waraka huo huo, Paulo anaifanya dhambi kuwa mtu: inaingia ulimwenguni, inatawala, inamiliki watumwa, inalipa mshahara, na mshahara wenyewe ni mauti. Huwezi kukivika kitenzi taji la ufalme. Pale 'dhambi', kwa ukavu wake wote, inasimama vizuri sana. Tatizo ni kwamba tumeizoea kama orodha, hivi kwamba hata inapotawala tunaisoma kama tabia mbaya za mtu mmoja mmoja.

Deni je? Mathayo, katika sala ya Bwana, anatumia neno la Kigiriki la deni. Luka katika sala hiyo hiyo anatumia hamartia. Tafsiri ya Muungano ya 1952 ilikuwa aminifu: deni kwa Mathayo, dhambi kwa Luka. Sala ya Kikatoliki inasema makosa. Ningependa deni libaki, hata kama linakwaruza sikio. Mkenya anajua deni ni nini kuliko anavyoijua dhambi. Anajua mkopo wa simu unaokatwa kabla mshahara haujaonekana, anajua jina lake kuwekwa katika orodha ya wasiolipa, anajua kuepuka njia inayopita dukani kwa mdai. Na anajua msemo kwamba dawa ya deni ni kulipa. Sala ile inaupinga msemo huo ana kwa ana. Inaomba deni lifutwe, na inaweka sharti kwamba anayeomba naye ni mdai wa watu. Ukisema 'makosa', sharti hilo linakuwa adabu njema tu. Ukisema 'deni', linakugusa mfukoni.

Sasa nije kwenye istilahi inayonikera kupita zote: 'dhambi ya asili'. Wanateolojia waliihitaji ili kufasiri fundisho lililopewa umbo na Agostino, Mwafrika wa Hippo, katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliyefariki mwaka 430. Yeye alisoma Warumi 5:12 kwa Kilatini, na Kilatini chake kilisema kwamba ndani ya Adamu wote walitenda dhambi. Kigiriki kinaelekea zaidi 'kwa kuwa wote walitenda'. Tofauti ya viunganishi! Kanisa la Magharibi lilijenga juu yake fundisho la hatia ya kurithi. Waothodoksi, ambao tunao hapa hapa Kenya, hushikilia kwamba tulichorithi ni mauti, si hatia. Biblia ya Kiswahili inafuata Kigiriki, katekisimu zinafuata Kilatini, na muumini hajaambiwa. Juu ya hayo, neno 'asili' lina nyuso mbili: chanzo na maumbile. Tunasema dawa za asili, mavazi ya asili, nywele za asili. Mtoto wa kipaimara akisikia dhambi ya asili anaelewa dhambi ya kimaumbile, yaani Mungu alituumba nayo, jambo ambalo Agostino alitumia nusu ya maisha yake kulikanusha alipobishana na Wamani. 'Dhambi ya mwanzo' ingekuwa na makosa machache zaidi.

Kwa nini nijisumbue na haya? Kwa sababu sarufi hutoka kanisani ikaingia mitaani. Dhambi ikiwa kitu cha kuhesabu, tunahesabu vile vinavyohesabika kwa urahisi: pombe, sigara, sketi fupi, kitanda cha jirani. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda na kuenea huku katika miaka ya 1930, uliwafundisha watu kusimama hadharani na kuungama kwa majina, wengine wakarudisha hata mali ya wizi. Hilo la kurudisha limetutoka, orodha imebaki.

Angalia neno 'fisadi'. Katika Kiswahili cha zamani cha Pwani fisadi alikuwa mharibifu wa maadili, hasa mwenye kuharibu wake za watu. Kenya ya leo imemhamisha kutoka chumbani hadi wizarani. Sina neno na uhamisho huo, ila njiani alidondosha dhambi yake. Mzinzi ana dhambi. Mfisadi ana kesi. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipokataa mchango ambao Rais alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, mjadala nilioufuatilia mimi ulikuwa wa sheria, siasa na maadili. Wachache mno walithubutu kuuliza swali la kikatekisimu: fedha ya umma ikipotea, na mama akafa wodini kwa ukosefu wa damu, nani amemkosea nani?

Na wanasiasa wetu wamelielewa soko. Hawasemi wamekosa. Husema 'kama kuna yeyote niliyemkosea', au 'makosa yalifanyika'. La kwanza lina kauli ya kutendea lakini mtendewa wake hajulikani kama yupo. La pili lina kauli ya kutendeka, na mtenda ameondolewa kabisa. Ni Kiswahili sanifu, hakina kosa hata moja la kisarufi.