Hesabu ya Wafu

Ugonjwa wa Korona ulipoenea ulimwenguni mwaka 2020, magazeti yalijaa majedwali yaliyopanga nchi kwa safu, kila moja na idadi ya watu wake waliokufa. Wengi waliyasoma kama yasomwavyo matokeo ya mashindano: nchi hii yastahili sifa, na ile yastahili lawama. Lakini jedwali nalo ni maandishi. Lina mwandishi wake kama hadithi ilivyo naye, na lapaswa kupimwa kabla ya kusadikiwa.

Swali la kwanza ni hili: aliyehesabiwa ni nani? Nchini Ubelgiji wazee waliokufa katika nyumba za kutunzia wazee walihesabiwa hata kama hawakupimwa, mradi daktari alidhani kuwa Korona ndiyo iliyowaua. Uingereza ilimhesabu kila aliyepata kuonekana na ugonjwa huo katika kipimo, hata kama alikufa miezi mingi baadaye kwa ajali ya barabarani. Agosti 2020 kanuni ikabadilishwa, akahesabiwa yule tu aliyekufa katika muda wa siku 28 baada ya kipimo. Vifo zaidi ya 5,000 vikafutika daftarini, wala hakufufuka hata maiti mmoja.

Mfano mzito kuliko huo ni wa Peru, nchi ya Amerika ya Kusini yenye watu wapatao milioni 33. Hadi mwisho wa Mei 2021 ilikuwa imetangaza vifo 69,342. Hesabu hiyo ilitegemea vipimo, navyo vilikuwa haba. Aliyekufa bila kupimwa aliachwa nje. Serikali ikaunda kamati ya wataalamu, nao wakapitia hati za vifo, wakazitazama dalili walizokuwa nazo marehemu na picha za mapafu yao. Tarehe 31 Mei ikatangazwa idadi mpya: 180,764. Kwa siku moja Peru ikapanda hadi kilele cha jedwali, kwa vifo zaidi ya 500 katika kila watu 100,000, ikaipita Hungary iliyokuwa mbele.

Hapa ndipo nionapo udhalimu wa jedwali. Sisemi kwamba wagonjwa wa Peru walitunzwa vyema, maana hata oksijeni iliadimika mno huko. Lakini siku ile nchi haikupatwa na msiba mpya. Iliukiri msiba iliokuwa nao. Zilizoficha, na zisizojua, zikabaki chini mahali pa heshima. Jirani zetu wa Tanzania waliacha kutangaza hesabu zao tangu Mei 2020 hadi katikati ya 2021, na muda wote huo jedwali liliandika wagonjwa 509 na vifo 21, kana kwamba ugonjwa ulizuiwa Namanga na askari wa mpaka.

Umri nao hupotosha. Nusu ya watu wa Kenya wana miaka 20 hivi au chini yake. Nusu ya Waitalia wamepita miaka 45. Ugonjwa uuao wazee zaidi hauwezi kuvuna sawasawa katika mashamba hayo mawili, hata kama waganga wake wangekuwa wale wale.

Njia iliyo bora ni kutazama vifo vyote vya mwaka, vya kila sababu, na kuvilinganisha na vya miaka ya kawaida. Kwa njia hiyo Shirika la Afya Duniani lilikadiria, Mei 2022, kwamba katika 2020 na 2021 walikufa watu wa ziada milioni 14.9, hali vifo vilivyotangazwa vilikuwa milioni 5.4 tu. India ilipinga vikali, kwa kuwa yenyewe ilitangaza vifo 481,000 na shirika likakadiria milioni 4.7.

Hata njia hiyo yataka daftari. Katika sehemu kubwa ya Afrika daftari kamili la vifo halikuwapo, na makadirio yakafanywa kwa kuazima mifano ya nchi nyingine. Mzee aliyefia nyumbani kijijini mwaka 2021, akazikwa bila cheti, aliingizwa katika hesabu ya dunia kwa kukisiwa tu.