Hakuna Marefu Yasiyo na Ncha: Mtazamaji na Tamthilia Isiyokwisha

Mwezi wa Julai 1993, Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa mfululizo ulioitwa Twende na Wakati. Mhusika wake aliyevuma kuliko wote alikuwa Mkwaju, dereva wa malori ya masafa marefu, mwenye mke nyumbani na mahawara njiani. Mchezo huo haukutungwa kwa ajili ya kupitisha jioni tu. Ulikusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI, kwa mtindo uliobuniwa na Miguel Sabido wa Mexico katika miaka ya 1970: mhusika mwema, mhusika mwovu, na wa tatu aliye baina yao, ambaye msikilizaji hutarajiwa kubadilika pamoja naye. Dodoma haikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, ili watafiti wapate kuwalinganisha waliousikia na wasiousikia.

Ikiwa kuna mji uliostahiki kumsikiliza Mkwaju, basi ni Tunduma. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hukata zaidi ya kilomita 900 kabla ya kufika hapo, na hapo ndipo malori yaendayo Zambia na Kongo husimama foleni kungoja kuvuka. Wakati ule Tunduma ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya, mmoja wa mikoa iliyoelemewa mno na maradhi hayo. Mkoa wa Songwe, wenye makao yake Vwawa, uliundwa mwaka 2016. Makao ya Wilaya ya Songwe, ndani ya mkoa huohuo, yanaitwa Mkwajuni. Ni sadfa tupu, lakini ni sadfa ya kufaa: mkwaju ni mti wa tunda chachu, na uchachu ndio uliokuwa siri ya mchezo ule. Tunu, mke wa dereva, alimwacha mumewe akaanzisha biashara yake mwenyewe. Mkwaju akapatwa na UKIMWI. Mwandishi hakuwa na ruhusa ya kumponya katika sehemu iliyofuata, kwa kuwa nje ya redio, katika nyumba za wasikilizaji, hapakuwa na aliyekuwa akipona. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Tendo lilikuwa na malipo yake, na mchezo uliyalipa.

Mfano huu una manufaa kwa kila anayejiuliza swali dogo linaloonekana la kipuuzi: tamthilia ndefu iachwe lini? Wahenga wamesema kwamba hakuna marefu yasiyo na ncha, lakini hawakuijua tamthilia. Sanaa hii ilizaliwa katika redio za Marekani, ikagharimiwa na watengenezaji wa sabuni, na sabuni ikaipa jina lake la Kiingereza. Mwenye sabuni hana haja ya tamati. Haja yake ni kwamba msikilizaji wa leo arudi kesho. Guiding Light ilianza redioni 1937, ikahamia televisheni 1952, na ikafungwa 2009. Aliyeanza kuifuata akiwa binti wa miaka 20 alikuwa na miaka 92 ilipokwisha, kama alijaliwa kufika. Anayengoja mwisho wa tamthilia ya namna hiyo anashindana na kitu kinachoweza kuishi kumliko yeye.

Mpenzi wa ushairi ataona tofauti mara moja. Utenzi hufunguliwa kwa dua, na aghalabu hufungwa na mtunzi mwenyewe, pengine kwa kutaja jina lake, tarehe na idadi ya beti, ili asije mtu akauongeza au akaupunguza. Kule kuhesabu beti ni namna ya kumwambia msomaji: amana hii nimeikamilisha, sasa ni yako. Hata Shahrazad wa Alfu Lela Ulela, aliyeahirisha kila usiku mwisho wa hadithi yake, alikuwa na sababu ambayo msikilizaji anaifahamu na kuionea huruma: uhai wake ulitegemea kuahirisha huko. Hivyo urefu wenyewe si aibu. Linalopaswa kuulizwa ni haja ya nani inayoirefusha hadithi.

Swali hilo lilikuwa limeandikwa katika jina la tamthilia iliyopendwa sana Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000. Isidingo, iliyoonyeshwa na ITV kutoka Afrika Kusini, ni neno la Kizulu lenye maana ya haja. Ilianza kwao tarehe 7 Julai 1998, ikiwa ni hadithi ya mji wa machimbo ya dhahabu uitwao Horizon Deep. Mtazamaji wa Songwe hakuhitaji kuelezwa machimbo ni nini, kwani wilaya ya Songwe ni nchi ya dhahabu ya Lupa, ambako watu wamekuwa wakichimba tangu zama za ukoloni. Katika hatua zake za awali tamthilia ile ilikuwa na udongo miguuni: mweusi na mweupe waliokuwa wakijifunza kuishi pamoja baada ya 1994, mchimbaji na mwajiri, mzazi na mwana. Uovu wa Barker Haines, aliyeigizwa na Robert Whitehead, na wa Cherel, aliyeigizwa na Michelle Botes, ulikuwa na kitu cha kuharibu.

Baadaye kitovu cha hadithi kilihama kutoka mgodini kwenda katika kituo cha televisheni kilichobuniwa ndani ya tamthilia yenyewe. Hapo mhakiki anaweza kutia alama yake. Tamthilia inapoanza kusimulia televisheni, ni kama mshairi anayetunga juu ya uhaba wa vina: huenda akatunga vizuri, lakini ametoka dirishani na kukaa mbele ya kioo. Isidingo iliendelea kwa miaka mingi baada ya hapo, na haikukosa sehemu nzuri. Ilipofungwa tarehe 12 Machi 2020, haikuwa hadithi iliyofika mahali pake. Shirika la utangazaji lilikuwa limeamua kwamba watazamaji na mapato yamepungua. Wahusika walikomeshwa na hesabu.

Upande wa pili wa mizani ipo Sultan, tamthilia ya Kituruki ambayo Azam TV iliwaletea Watanzania kwa sauti za Kiswahili. Nayo ilikuwa ndefu, sehemu 139 kwa hesabu ya Waturuki wenyewe, na nayo ilipata misukosuko: mwaka 2013 Meryem Uzerli, aliyekuwa Hurrem, aliondoka, na msimu wa mwisho ukachezwa na Vahide Perçin. Mtazamaji aliyeachia hapo hawezi kulaumiwa, kwani uso ni nusu ya mhusika. Lakini aliyebaki alikuwa na dhamana ambayo Isidingo haikuweza kumpa. Sultani Suleiman alifariki mwaka 1566, na hakuna mwenye sabuni awezaye kuiahirisha tarehe hiyo. Kila fitina ya kasri ilikuwa ikielekea huko, na kwa sababu hiyo kila fitina ilikuwa na uzito.

Pana hoja nzito inayopinga haya yote, nayo husikika zaidi katika miji kama Tunduma. Mji wa mpakani ni mji wa wageni. Mnyamwanga ana ndugu upande wa pili, Nakonde. Mnyiha ameshuka kutoka Mbozi, Mndali ametoka Ileje, dereva ametoka pwani, na mfanyabiashara ametoka Zambia ambako saa mbili za usiku za Tunduma huitwa saa moja. Watu hawa hawana babu mmoja wala ngano moja. Tamthilia huwapa jambo la kuzungumza: aliyekosa jana humwuliza aliyeona, na mgeni hukaribishwa barazani kwa swali la "imefika wapi?" Anayeiacha tamthilia huacha pia nafasi yake katika mazungumzo hayo, na kwa mama aliyeshinda sokoni kutwa nzima, saa ile moja ya usiku huenda ndiyo pekee ambayo hakuna anayemdai kitu. Mhakiki anayecheka jambo hili hajui anachokicheka.

Lakini baraza hiyohiyo ndiyo yenye kipimo. Dereva anayekwenda Lubumbashi na kurudi baada ya wiki kadhaa akiuliza imefika wapi, na jibu likawa refu, lenye ubishi, huyu akimtetea Tunu na yule akimlaani mumewe, basi hadithi ingali hai na ina haki ya jioni za watu. Akijibiwa kwamba yule aliyekufa amerudi, waliopatana wamegombana tena, na hakuna ubishi wowote, basi tamthilia imekuwa tabia. Kosa lisilolipiwa halina la kujadiliwa, na kifo kinachotanguliwa kinamdhihaki aliyezika. Katika mji uliozika wengi katika miaka ya 1990, dhihaka hiyo si ndogo.

Linabaki suala la namna ya kuiacha. Wengi huacha kwa kuchoka, katikati ya kisa, kisha hurudi kwa sababu kisa kile kinawaning'inia. Afadhali mtazamaji achague mahali: arusi moja, safari moja, maziko mamoja yaliyoandikwa vizuri, na aseme moyoni kwamba kwake yeye hadithi imekomea hapo. Mtunzi wa utenzi alikuwa akiiweka tamati kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye tamthilia amekataa kuiweka, na kazi hiyo sasa imemwangukia mtazamaji. Na barazani ataendelea kukaribishwa, kwa kuwa wanaozungumza juu ya ya leo watahitaji mtu anayekumbuka vizuri ya zamani.