Ufundi wa Kirongozi katika Vilima vya Mwanda

Kirongozi ni mtu anayetangulia msafara kwa kuwa anaijua njia, maji na wenyeji. Neno hili lilitumika sana enzi za misafara ya pwani. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alikata nyika kupitia nchi ya Taita, na tarehe 11 Mei akaiona theluji ya Kilimanjaro. Aliyemwongoza ni Bwana Kheri, Mswahili aliyezizoea njia za bara. Misafara ile imekwisha, lakini ufundi wa kirongozi ungali unahitajika kila kundi la watembezi linapopanda Mwanda kutazama maua.

Mwanda ipo juu katika milima ya Taita, upande wa Wundanyi. Anayetoka Voi, karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, hupita Mwatate, kisha barabara hujipinda kuelekea penye baridi na ukungu. Kilele kirefu kuliko vyote, Vuria, kina mita 2,208. Upepo wa Bahari ya Hindi hubeba unyevu, hukutana na milima hii, hupanda, hupoa na kugeuka ukungu na mvua. Kwa hiyo milima huwa ya kijani hata nyika ya Tsavo inapokauka.

Maua hapa hufuata mvua: masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kirongozi mzuri huchagua siku za mvua zikikaribia kwisha, udongo mwekundu ukiwa umeanza kushika na maua hayajapukutika. Nyikani huchanua maua meupe ya jamii ya kiazi kitamu, membamba kama karatasi. Juu, kwenye vivuli vyenye maji, huota Impatiens teitensis, mmea uliopewa jina la Taita. Maganda ya jamii hiyo yakiiva hupasuka kwa kuguswa tu na kurusha mbegu. Macho yaliyozoea huona pia okidi zilizoshika matawi, mahali ambapo mgeni huona kuvu na majani tu.

Katikati ya vilima kuna mabonde yenye kuta kali. Mabonde hayo humchosha mtembezi, nayo ndiyo yaliyoupa kila mlima hazina yake. Bonde la Paranga hutenga Mbololo na Dawida, na msitu wa Mbololo ndio makao ya Saintpaulia teitensis, ua dogo la zambarau. Ndugu zake wa Usambara walipelekwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, na leo hupandwa vyunguni madirishani duniani kote. Ua la Mbololo halikuvuka bonde. Mwenye gari huambiwa habari hiyo. Aliyeshuka bonde na kulipanda huielewa kwa magoti yake.

Ufundi wa kuongoza huanza na mwendo. Kundi hutembea kwa hatua za aliye mzito zaidi, naye huwekwa karibu na mbele ili asiachwe. Kwenye mteremko wenye utelezi hatua huwa fupi, mguu ukiwekwa upande, na fimbo hutangulia. Mapumziko hupangwa penye kitu cha kutazama, ili anayetweta asione haya. Kirongozi hakati kona kupitia matuta ya mahindi na maharagwe, kwani tuta lililobomolewa na miguu huchukuliwa na mvua inayofuata.

Sehemu ya pili ni adabu. Njia za Mwanda ni za watu wanaokwenda shambani, shuleni na sokoni. Salamu hutangulia swali, na ruhusa hutangulia picha. Wadawida, wenyeji wa milima hii, wana fighi, vichaka vitakatifu ambavyo mila ilikataza visikatwe. Kwa heshima hiyo, miti ya asili ilisalia katika vilima vilivyolimwa karibu kila mahali. Kirongozi huvizunguka na kueleza sababu. Ua nalo halichumwi: misitu iliyobaki ni vipande vidogo, na mche mmoja unaweza kuwa sehemu kubwa ya miche iliyopo.

Jioni kundi hushuka, na kirongozi huhesabu watu kama alivyowahesabu asubuhi. Kazi yake huisha wa mwisho anapofika barabarani.