Chombo cha Keezo Kisichotiwa Kitu

Lugha yetu hutofautisha kuchonga na kukereza. Achongaye huutuliza mti, akaupiga kwa tezo au patasi. Akerezaye huuzungusha mti katika keezo, na chuma ndicho kitulizwacho mkononi. Pwani yetu yaijua kazi hii tangu zamani, kama ionyeshavyo miguu ya vitanda vya Lamu. Tofauti hiyo yafaa ikumbukwe na kila atakaye kuzihukumu kazi zilizositawi Marekani katika miaka ya 1970 na baadaye, yaani vyombo vya pambo vya mti, vyenye tumbo pana, ukuta mwembamba na mdomo mdogo, pengine usioingia hata vidole viwili.

Aliyeifanya kazi hii ijulikane sana ni David Ellsworth, aliyezaliwa mwaka 1944, ambaye alijifanyizia vyuma vilivyopindwa kwa ajili yake. Na chama cha wakerezaji wa Marekani kilipoanzishwa mwaka 1986, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Namna ya kazi ni hii. Fundi hukereza kwanza umbo la nje, kisha hutoboa shimo katikati hata karibu na kitako, ndipo aingizapo chuma kilichopindwa apate kuzifikia mbavu za ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa kuwa ncha i kando ya mpini, hutaka kuupindua mkononi. Nayo ikinasa, chombo chaweza kupasuka. Maranda hujaa ndani, hata keezo lisimamishwe yakatolewe, kisha kazi ianze tena. Unene hupimwa kwa waya uliopindwa, tena kwa sikio, maana sauti ya chuma hubadilika kadiri ukuta upunguavyo.

Mwenye kutengeneza kibuyu naye hufanya kazi kwa kupitia mdomo mdogo. Lakini ganda lake limekwisha kufanywa na mmea wenyewe, naye huondoa tu mbegu na nyama. Mkerezaji huanza na gogo zima.

Basi wako wasemao kwamba chombo kisichochukua maji wala nafaka si chombo. Hoja hii si ya kudharauliwa. Mtungi, chungu, kibuyu, chetezo: kila jina latukumbusha kazi yake. Je, hiki chatukumbusha nini? Kama wembamba wake ni majivuno ya fundi tu, basi wenye hoja wameshinda.

Lakini wembamba una sababu yake katika mti. Mti mbichi ukaukapo husinyaa, nao hausinyai sawasawa: kuzunguka duara la gogo husinyaa kama mara mbili kuliko kuelekea moyo wake. Ukuta mnene hukauka nje kabla ya ndani, ukapasuka. Ukuta mwembamba, ulio sawa kila mahali, hukauka pamoja, ukajipinda kidogo bila ufa. Ellsworth hukereza mti ungali mbichi, akauacha ujipinde upendavyo; hivyo umbo la mwisho ni la fundi na la mti pia.

Tumlinganishe na Ed Moulthrop wa Atlanta, aliyeishi toka 1916 hata 2003, mjenzi wa majumba kwa elimu yake. Yeye alikereza vyombo vikubwa mno, akavilowesha katika dawa iingiayo ndani ya nyuzi za mti na kuuzuia usisinyae, kisha akavimaliza kwa mng'ao mkubwa. Uzuri wa rangi za mti waonekana kwake kuliko kwa mwingine awaye yote. Hata hivyo, mti uliozuiwa usijongee, ukang'arishwa hata ukafanana na kioo, umepoteza kitu ambacho chombo cha Ellsworth kimekihifadhi, yaani alama ya kwamba ulikuwa hai.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: wembamba utakiwao na mti ni ustadi, wembamba upitao hapo, na mdomo uzidio kupunguzwa ili watu wastaajabu, ni mashindano. Wafuasi wengi wameingia katika mashindano hayo, na wengine wameufunika mti kwa rangi hata hatujui kwa nini haukufinyangwa udongo.

Limesalia jambo zito zaidi. Vyombo hivi huwekwa katika majumba ya makumbusho, nyuma ya kioo, na watu hukatazwa kuvigusa. Hapo gogo zito lililotobolewa tundu fupi laweza kufanana kabisa na kazi ya siku nyingi, kwa sababu ubora wote umefichwa ndani. Mkono ndio ujuao: ukikiinua ukitazamia uzito, ukakuta wepesi, umekwisha kuisoma kazi yote kwa mara moja. Nadhani wepesi huo ndio kitu kilichomo ndani ya chombo hiki. Wakerezaji wafundishapo hukata chombo kimoja katikati, ili wanafunzi wauone ukuta. Wenye makumbusho na wafanye vivyo hivyo: waweke karibu na kioo chombo kimoja kilichokatwa, na kingine kizima kilichoruhusiwa kuinuliwa na kila mgeni.