Lori Kuukuu na Fundi Wake

Injini ya zamani ya dizeli haifichi ugonjwa wake. Ikitoa moshi mweusi, ujue inapewa dizeli nyingi kuliko hewa. Ukiwa wa bluu, oili inapita kwenye ringi na kuungua. Ukiwa mweupe na haukomi hata injini ikishapata moto, shuku nozeli, au maji yanayopenya gasketi ya silinda hedi. Fundi aliyekulia chini ya malori ya zamani huyasoma haya kabla hajashika spana. Kwa ajili hiyo nayapenda malori hayo, na nawaheshimu wanaoyafufua kwa mapenzi tu, hata pale ambapo hesabu ya faida haikubali.

Hapa kwetu Mlali tumo katika Wilaya ya Kongwa, na Kongwa ina haki ya kusema juu ya mashine kuliko wilaya nyingi. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa mradi wa karanga, wakikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Mitambo mingi ilikuwa masalia ya Vita vya Pili vya Dunia, mingine ikanunuliwa huko Ufilipino. Kampuni ya Vickers-Armstrongs iligeuza hata vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Yakakutana na mibuyu, mizizi ya vichaka, na udongo wa Kongwa ambao mchanga wake unasaga chuma kama tupa, kisha kiangazi unakauka jembe lisipenye. Mwaka haukuisha, matrekta mengi yakawa yamelala, hayana spea wala karakana ya kutosha. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mradi, na paundi milioni 36 zikawa zimepotea.

Waandishi wa historia hutaja mvua haba, udongo, na haraka ya wakubwa wa London. Yote ni kweli. Lakini mimi huitazama karakana kwanza. Mashine zilitangulia, ufundi ukaambiwa ufuate nyuma.

Malori yaliyokuja baadaye yalikuwa na bahati ya kupata watu. Bedford TJ ilianza kutengenezwa mwaka 1958. Fiat 682 ilikuwapo tangu 1952, na baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965 na Zambia kuhitaji njia nyingine ya bahari, malori ya aina yake yalikuwa miongoni mwa yaliyobebea Zambia shehena kutoka Dar es Salaam, katika barabara ya vumbi na tope. Bomba la TAZAMA lilikuja kupokea kazi ya mafuta mwaka 1968. Kisha Scania 111, yenye pua ndefu, ikatawala miaka ya sabini na kuendelea. Magari haya yalisanifiwa na watu waliojua kwamba yataharibikia mbali na mji. Kila bolti spana inaifikia. Linea ya Scania ikilika, unaitoa na kuweka nyingine, bloku inabaki. Hayana kompyuta ya kukunyima ruhusa ya kuyawasha.

Kufufua lori la namna hii kunataka subira. Injini iliyoganda hailazimishwi. Unatoa nozeli, unamimina oili nyepesi ndani ya silinda, unaiacha siku kadhaa, kisha unaisukuma flaiwili kwa mtarimbo, kidogo kidogo, mbele na nyuma, mpaka ikubali. Ukitumia nguvu ya kuvuta kwa gari jingine utapinda koneki rodi, na hapo umeua ulichotaka kukiponya. Nafasi ya valvu hupimwa kwa fila geji: kipande kipite kikisuguana na chuma, kisikwame, kisielee. Wazee hawakuhitaji kuelezwa hilo kwa maneno, vidole vyao vilikwisha kujua. Mwisho unatoa upepo kwenye mfumo wa mafuta. Unalegeza skrubu ya fita, unapampu kwa mkono, povu linatoka, linapungua, hadi dizeli inatiririka safi.

Spea zilizokwisha madukani ndizo zinazopima fundi. Bushi ya kingi pini haipatikani? Anachongesha ya shaba kwa mkerezaji, akisimamia kipimo mwenyewe. Jani la springi limevunjika? Anatafuta la lori jingine, analikata, analichoma na kulipa mkunjo wake. Kwangu mimi hapo ndipo kazi hii inapoacha kuwa matengenezo ikawa sanaa.

Wapo wanaong'oa injini ya Bedford na kupachika ya Isuzu. Mwenye mahindi ya kufikisha soko la Kibaigwa simlaumu, mzigo haungoji. Ila huko si kufufua. Lori lililofufuliwa lazima lingurume kwa sauti yake.

Uingereza wana chama cha malori ya kale tangu 1958, na kila Mei magari hayo hutoka London hadi Brighton, watu wakiwa wamejipanga barabarani kuyashangilia. Sisi tuna Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yanayohifadhi magari ya magavana na ya Mwalimu Nyerere. Ni vema. Lakini nchi hii haikubebwa na magari ya wakubwa peke yake. Ilibebwa pia na malori ya mahindi, pamba, simenti na wanafunzi waliorudi likizo wakiwa juu ya magunia. Kongwa, pamoja na historia yake, inastahili banda moja la kuyatunza yakiwa hai, yanayowaka, na vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA wakijifunzia humo.

Mpaka banda hilo lijengwe, nakuomba wewe ambaye lori la baba yako limelala nyuma ya nyumba: kabla hujalipeleka kwenye mizani ya chuma chakavu, mwite fundi mzee alitazame. Na umwombe aje na kijana wa kujifunza.